Kule Wanapanda Mwezi Gani

Hoi An, Vietnam
25 Februari 2024

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, sukari imetulia, na mwanao Salumu bado hajaipindua bajaji yake. Mimi sijambo, ila nimekonda kidogo, na najua hilo ndilo utakalolisoma mara mbili.

Utacheka kupata barua ya karatasi zama hizi. Lakini nifanyeje? Masikio yako uliyaacha kwenye mashine za kufuma kule kiwandani, kwa simu husikii kitu, na meseji unasema zinakuumiza macho. Kwenye grupu la familia nilijitoa mwenyewe kwa hasira, sasa naona haya kuomba kurudishwa. Anwar wa korosho yuko Saigon, anarudi Dar wiki ijayo, kakubali kunibebea. Ukijibu, mpe yeye, akifika huku ataitia posta.

Habari yenyewe ni kwamba nimeacha kufundisha Kiingereza. Shule ilipunguza walimu, nami nikawa wa kwanza. Nimepata kazi kijijini, nje kidogo ya mji, na ukijua ni kazi gani utakaa chini. Watalii wanachukuliwa asubuhi hotelini, wanapanda baiskeli hadi mashambani, wanavishwa nguo za wakulima na kofia za majani zenye ncha. Kisha kwa siku moja wanakuwa wakulima na wavuvi. Wanampanda nyati wa kufugwa, wanalima, wanateka maji kwa ndoo ya kamba ya watu wawili, wanapandikiza mpunga, wanarusha wavu. Jioni wanaoshwa miguu kwa maji ya tangawizi na kurudi hotelini wakisema wamechoka vizuri. Mimi ndiye ninayewaeleza kwa Kiingereza nini kinafanyika. Mwenye shamba ni bibi mmoja wa miaka sabini, Bi Hoa, mkali kama wewe.

Siku ya kwanza alivitazama viatu vyangu akasema kitu, wenzake wakacheka. Hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini na mbili Januari. Nikavua viatu, nikaingia jarubani, nikachukua fungu la miche na kuanza kupandikiza kinyumenyume. Mama Mdogo, mkono ulikumbuka. Nilipanda mistari minne bila kuinua mgongo. Bi Hoa akauliza kupitia mkalimani nani alinifundisha. Nikasema mama yangu. Nikaanza kulia pale pale topeni, wao wakadhani ruba wameniuma.

Unajua nililia nini. Miaka mitatu imepita tangu siku ile uani Kinyerezi. Mama aliniomba wiki mbili tu nimsaidie kupandikiza kabla sijasafiri, nami nikamjibu mbele ya majirani, "Mie sikuzaliwa kukanyaga tope." Hakunitukana. Aliweka beseni la miche chini akasema, "Basi nenda." Tangu hapo nikipiga simu humpa mtu mwingine aipokee, na sasa mwezi mzima haipatikani kabisa.

Mwambie nakanyaga tope kila siku. Mwambie naomba radhi yake. Sitaki kingine chochote kutoka nyumbani, nataka hilo neno tu, alitamke wewe uniandikie.

Nisalimie Mjomba Twaha na wote hapo.

Mwanao,
Najma


Chang'ombe, Temeke
2 Aprili 2024

Kwako mwanangu Najma,

Marahaba. Wa afya? Sie huku tunamshukuru Mungu, tumo katika Ramadhani kumi la mwisho, mvua zimefungulia, na barabara yetu imekuwa ya kuvuka kwa matofali. Salumu hajaipindua bajaji, lakini ameigonga kwenye ukuta wa msikiti, na imamu amemwambia afadhali angeingia kwa miguu. Mjomba wako Twaha hajambo, magoti tu. Sukari yangu inapanda na kushuka kadiri ya futari.

Barua yako Anwar aliileta, nikaisoma, nikaiweka chini ya mto, nikaisoma tena. Umekonda kwa sababu gani? Huko si ndiko kuna samaki na wali?

Habari ya nyati imenichekesha. Mzungu atoke kwao na ndege aje kupanda mpunga! Mie nimezaliwa tumbo moja na dada anayepanda mpunga, na katika maisha yangu yote sijawahi kushuka kule bondeni hata mara moja. Bibi alinichukua mjini nikiwa na miaka mitano, nikakulia kwenye lami, na nikaajiriwa kwenye nyuzi. Wali naujua ukiwa sahanini.

Mama yako hajambo, anakusalimu. Simu yake ilitumbukia mtaroni kule bondeni na ndiyo maana haipatikani. Nyumba ya Kinyerezi ipo, mitambo ya gesi inaunguruma kama kawaida, wanasema, mie siisikii.

Ombi lako la mwisho nimelisoma. Jambo hilo halifai kuwekwa kwenye karatasi, lazungumzwa watu wakiwa wamekaa. Ukija tutalizungumza. Mkataba wako unakwisha lini? Usiuvunje, lakini ukiisha njoo.

Kula vizuri. Sikukuu njema ikikufikia.

Mama yako mdogo,
Mwanaheri


Hoi An
19 Mei 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako imenifikia siku arobaini na moja baada ya kuandikwa. Mimi mzima. Nimeongezeka kilo mbili, nimepimwa kwenye mizani ya mpunga, kwa hiyo usinilaumu tena. Mwambie Salumu ukuta wa msikiti hauna breki, yeye anazo.

Tumevuna. Huku wageni wanapura, wanatwanga, wanapepeta, na nusu ya mchele inaangukia kwa kuku. Nikuchekeshe kidogo: wageni wakishapanda mistari yao miwili na kupiga picha, sisi tunawaaga kwa kupunga mkono, kisha tunarudi jarubani kung'oa walichopanda na kukipanda upya. Kila siku. Bi Hoa anasema mpunga haujui kwamba wao ni wageni.

Mchana tunawapeleka mtoni kwa vyombo vya duara vya mianzi, kama ungo mkubwa, vinazunguka mpaka mtu anatapika. Mume wa Bi Hoa anawafundisha kurusha kimia. Mimi niliwasukia mgono, mtego wa samaki kama ule wa mama, nikautega mdomoni mwa mtaro. Asubuhi ukawa na samaki mmoja mweusi, ndugu wa kambale. Wageni wakapiga makofi. Nikamkumbuka mama akiutoa mgono wake bondeni, anatuonyesha kambale watatu na kusema mboga hii hatukuinunua. Nilikuwa naona haya kwenda shule nanuka shombo. Najiuliza nilikuwa mtoto wa namna gani.

Nimempa Anwar kofia, mpe mama. Bi Hoa ameishona mwenyewe. Ni nyepesi, inakinga jua la mgongoni mtu akiinama, ataipenda hata kama hanipendi.

Mama Mdogo, umenijibu yote ila moja. Kama amekataa, niandikie amekataa. Hilo nitalibeba, lakini kunyamaziwa siwezi. Mwezi wa pili mwakani ndipo mkataba unakwisha, na ni mbali mno kungoja bila kujua.

Nakusalimu, na mama zaidi.

Najma


Chang'ombe
11 Agosti 2024

Mwanangu Najma,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Nililazwa siku nne kwa sukari, usishtuke, nimetoka na nimekatazwa maandazi, ambayo ndiyo adhabu hasa. Mjomba wako amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi la nyumba yangu. Salumu anataka kuoa. Msichana anatoka Mbagala, mpole, nadhani hajawahi kumwona akiendesha.

Kofia imefika, haikuvunjika. Nzuri sana, na kazi ya mkono wa huyo bibi inaonekana kwa ndani kuliko kwa nje. Imemkaa mama yako vizuri. Angekuandikia yeye mwenyewe mistari miwili, lakini siku hizi hashikiki, yuko bondeni anapandikiza mpunga, tope mpaka magotini, anarudi jua limezama. Kwa hiyo nakuandikia mimi.

Hajakataa, Najma. Hilo nakuapia. Usiniulize zaidi ya hapo kwa sasa, niache nipate nguvu.

Kaza moyo, maliza mkataba, urudi.

Mwanaheri


Hoi An
30 Septemba 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Pole na sukari. Nisalimie Mjomba Twaha na miwani yake, nisalimie Salumu na mchumba wake, nisalimie majirani wote wa mtaani kwako.

Huku ni msimu wa mvua na mto umejaa. Wageni wamepungua, na siku nyingine hatuna hata mmoja. Tunakaa na Bi Hoa tunachambua mbegu, bila kusemezana, kwani mimi lugha yake ninaijua kwa maneno mia na yeye yangu kwa maneno mawili.

Nina swali moja dogo, na usinijibu haraka. Kule bondeni Kinyerezi tulikuwa tunapandikiza mwezi wa tatu, masika yakianza. Mwezi wa saba tumeshavuna. Mwezi wa nane tulikuwa tunacheza mpira kwenye majaruba, ardhi ngumu imepasuka, hata vyura wamehama.

Mwezi wa nane, Mama Mdogo, mtu anapandikiza kwenye maji gani?

Wako,
Najma


Chang'ombe
17 Novemba 2024

Mwanangu,

Barua hii naomba usiisome ukiwa peke yako. Kama uko peke yako ikunje, tafuta mtu.

Nimeiangalia salamu yako ya mwisho. Umetusalimia wote kwa majina, hata mchumba wa Salumu ambaye humjui, na mama yako hukumtaja. Nikajua umejua. Nililia mpaka Salumu akadhani nimepata kiharusi.

Mama yako amefariki, Najma. Alifariki Ijumaa tarehe ishirini na sita Januari, kabla barua yako ya kwanza haijaandikwa. Jumanne alipanda kutoka bondeni akasema kichwa kinamgonga, akakaa kwenye ngazi, hakuweza kusimama tena. Tulimfikisha hospitali, wakafanya walichoweza, damu ilikuwa imeshavuja kichwani. Siku tatu. Alizikwa Jumamosi mchana, watu walijaa mpaka barabarani, na wanawake wa bondeni wote walikuja na miguu yao ya tope kwa sababu walitokea shambani.

Kaka Twaha ndiye aliyekataza. Alisema mtoto yuko ugenini, hana ndugu hata mmoja wa kumshika, na sie mtu hatumpi habari ya msiba akiwa peke yake. Ataitwa nyumbani, atakalishwa, ataambiwa katikati ya watu wake. Ndivyo tulivyofanyiwa na sie baba alipofia Rufiji. Anwar tulimwapisha. Mie nikakubali, nikijiambia ni miezi michache. Kisha ikaja barua yako inamsalimia, nami nikaona nirudishe salamu, na baada ya hapo kila barua ilinidai uongo mpya. Kofia yako iko kwenye msumari chumbani kwake. Nilikuandikia imemkaa vizuri, Mungu anisamehe, nilijaribu kuivaa mimi ndipo nikaandika.

Uongo wa salamu niliuweza. Wa mpunga, kama ulivyoona, sikuuweza. Lakini radhi, Najma, nilishika kalamu mara nyingi niandike amekupa, ungelala usingizi, nami ningelala. Mkono ulikataa. Radhi ya mama kwa mwanawe siwezi kuitunga mimi. Kwa hiyo nitakwambia ilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Jumatano, akiwa kitandani, nilimuuliza, "Dada, Najma umemsamehe?" Akanitazama, akageukia ukutani. Alhamisi jioni nikamuuliza tena, kwa sababu daktari alishaniita pembeni. Safari hii alinivuta kitambaa, akanisogeza mpaka sikio langu la kushoto, lile linalosikia kidogo, likawa mdomoni mwake. Akasema, "Kule aliko, mpunga wanapanda mwezi gani?"

Nikamwambia sijui.

Akasema, "Muulize."

Nikamwahidi nitakuuliza. Hakusema neno jingine la maana baada ya hapo. Hiyo ndiyo yote niliyo nayo. Sikukuuliza, Najma. Miezi karibu kumi nimekuficha hilo pamoja na kifo chake, kwa sababu nilijua ningeandika swali hilo ungemjibu yeye, na jibu lingefika hapa lisimkute mtu.

Kuna jingine, nalo linanichoma kuliko yote. Alikuwa ameloweka mbegu kwenye ndoo, Jumatatu yake, za kumwaga kitaluni. Siku ya tatu ya matanga nikaikuta ndoo uani, mbegu zimetoa vimizizi vyeupe. Sikujua ni kitu gani. Niliona zimeharibika, nikawamwagia kuku. Wanawake wa bondeni waliponiuliza mbegu ya marehemu Rukaiya iko wapi, nilishindwa kuinua uso.

Nichukie kama unataka. Ila njoo.

Mama yako mdogo,
Mwanaheri


Hoi An
12 Januari 2025

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Barua yako ilifika juzi. Niliijua kwa unene wake. Sikuifungua chumbani. Niliichukua nikaenda nayo nyumbani kwa Bi Hoa, nikamwonyesha bahasha, nikasema neno la kwao la mama, nikaweka mkono kifuani. Alielewa. Aliwaita mumewe na wale wanawake watatu tunaopanda nao, akatandika mkeka, wakanikalisha katikati. Ndipo nikafungua. Nimesoma kwa sauti, kwa Kiswahili, barua yote, na wao hawakuelewa hata neno moja na hawakuondoka. Nilipofika kwenye mbegu nikashindwa kuendelea. Bi Hoa akanishika kisigino, maana ndicho kilichokuwa karibu yake, akakishikilia mpaka nikamaliza. Mwambie Mjomba Twaha sikuambiwa peke yangu.

Sikuchukii. Nilikasirika usiku mmoja, nikakuita majina, asubuhi yakaisha. Kuanzia mwezi wa tisa nilikuwa najua, na bado nilikuwa naingoja barua yako iseme uongo mwingine, kwa sababu kwenye uongo wako mama alikuwa bado anarudi jua likizama. Ulinipa mama kwa miezi minane zaidi. Sijui kama nikushukuru au nikulaumu, na sidhani nitajua.

Inaniuma kwamba hakulitamka. Nimeisoma ile Alhamisi kwa kila namna. Saa nyingine naona alikuwa amenisamehe. Saa nyingine naona ni mkulima tu, anauliza habari ya mpunga kama ambavyo angemuuliza mtu yeyote. Hakuna wa kuniambia, na nitakufa sijui. Nimemsomea mama Yasini mbele ya wale wanawake, nikalala.

Mbegu, usijitese. Hukufundishwa. Mimi niliyefundishwa ndiye niliyeondoka.

Mkataba unakwisha mwisho wa mwezi wa pili. Nimewaambia siongezi. Nitafika masika yanaanza, na nitakwenda bondeni kwanza kabla hata ya kunywa maji kwako. Waulize wanawake wale kama jaruba la Rukaiya bado halijachukuliwa, na waniwekee mbegu ndoo moja. Utashuka na mimi. Utavua viatu, Mama Mdogo, na masikio yako na sukari yako, utashuka.

Lakini kabla sijafika nina kazi ya kukupa, na hii usiichelewishe. Tarehe ishirini na sita mwaka unatimia, na Anwar anaruka wiki hii, kwa hiyo barua itakuwahi. Nenda kaburini, mchukue Salumu akusaidie kushuka. Alikutuma swali na hukulifikisha, sasa limefika, na hili ndilo jibu lake. Nimemuuliza Bi Hoa ili nisikosee.

Mwambie wanapanda mara mbili. Mwezi wa sita, na mwezi wa kwanza. Mwambie wiki ile aliyouliza ndiyo walikuwa wanapanda, na mimi nilikuwa ndani ya jaruba pamoja nao, miguu mitupu, napanda kama alivyonifundisha.

Msemee karibu. Halafu utege lile sikio lako la kushoto, kabla hujaondoka.

Mwanao,
Najma